Ngozi ya Nyimbo za Maganga

Ukiulizia duka la Scola Maganga pale Bariadi, mtu wa kwanza atakuelekeza, na wa pili atakuuliza umemkosea nini. Ni stesheneri ndogo nyuma ya stendi: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kujaza maombi ya kazi mtandaoni. Ukimpelekea barua yenye makosa atairekebisha, lakini kwanza atakusema. Wahenga walisema hasira hasara. Scola husema wahenga hao hawakuwahi kupunguzwa kazini.

Yeye alipunguzwa. Alikuwa binti aliyetoka tu chuo cha uhazili, ameajiriwa na chama cha ushirika kupiga taipu, anaamini kwamba ukiwahi kazini na kuheshimu wakubwa basi maisha umeyapata. Ndipo soko huria likaingia. Wanunuzi binafsi wakamwagika vijijini na mizani zao, kila mmoja na rangi yake ya bango. Ushirika ukakosa pamba, mashine za kuchambulia zikanyamaza, na asubuhi moja wafanyakazi wakaitwa uwanjani wakashukuriwa kwa utumishi wao uliotukuka. Mafao hayakuwepo. Meneja akasema kila mmoja achukue anachoweza kubeba. Scola akajitwika taipureta, akatembea nayo kichwani hadi alikopanga, akitukana njia nzima kwa Kisukuma, na watu wakampisha.

Maisha yake yote yaliyofuata yalitoka kwenye taipureta ile. Ilizaa kompyuta, kompyuta ikazaa mashine ya fotokopi, na Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa, ofisi zikamiminika Bariadi na duka likajaa watu wenye barua. Lakini ile asubuhi hakuisahau. Mpaka leo, mtu akimwambia "samahani, imetokea tu," yeye huuliza imetokeaje na nani alikuwepo.

Baba yake, mzee Maganga wa Shishiyu, alikuwa na hasira pia, ila zake zilikuwa na mdundo. Alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Katika mashindano ya baada ya mavuno alisimama mbele ya kundi lake akawachana wapinzani kwa nyimbo mpaka mashabiki wao wenyewe wakahamia upande wake. Aliwaimba wakwe wachoyo, aliwaimba watendaji wa kijiji, na wanunuzi wa pamba aliwaimba kwamba wamekuja na mizani yenye njaa. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mkwaruzo, na ukishaisikia huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine.

Soko huria likamfuata na yeye. Wafanyabiashara wakaanza kurekodi ngoma bila kumwuliza mtu, wakauza kanda na baadaye sidii katika kila gulio, kuanzia Maswa hadi Lamadi. Siku moja Maganga alijikuta gulioni ananunua sauti yake mwenyewe kwa muuzaji asiyemjua. Akaapa kwamba hatarekodiwa tena na mtu asiye wa damu yake.

Basi mtu wa damu yake akaja na kinasa sauti kidogo. Kila alipokwenda Shishiyu, Scola alimkalisha baba yake uani, akarekodi wimbo mmoja au miwili, akarudi mjini kuuweka kwenye tovuti. Tovuti hiyo alitengenezewa na Boniventura, mtu wa Kalemela aliyekuwa amefungua kampuni ya kuhifadhi tovuti huko Mwanza, seva yake mwenyewe ikinguruma chumba cha nyuma. Boniventura alizipanga nyimbo ili zisikilizwe tu, zisipakuliwe, wauza sidii wafe njaa. Scola alicheka siku hiyo, jambo ambalo si la kila siku. Tena Boniventura alimsalimia kwa Kisukuma na kumwita Ng'wana Maganga, mtoto wa Maganga, na hilo lilimlainisha.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe mtu wa Dar asingelifanya. Wasukuma wenye ng'ombe hawalazi mali yote katika zizi moja. Jike hili unalipeleka kwa rafiki, mtamba yule unampeleka kwa shemeji, ili ugonjwa au wezi wakija wasikumalize. Hiyo ndiyo kubilisa. Mtunzaji anakunywa maziwa, wewe unabaki na ng'ombe wako. Na adabu yake ni kwamba humwendei mtunzaji kila mara kukagua, maana kukagua ni kumwita mwizi. Utaletewa habari kwamba amezaa au anaumwa. Akifa, utaletewa ngozi. Bila ngozi ng'ombe hajafa, hata ukiapiwa vipi.

Scola alimwachia Boniventura nyimbo kwa adabu hiyohiyo. Ada alilipa kila mwaka, na hakuwahi hata mara moja kuomba kuoneshwa bekapu. "Mayu, kila wiki nachukua nakala ya tovuti yako," Boniventura alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "wewe lala usingizi." Angekuwa mtu wa kabila lingine, Scola angemdai maandishi. Lakini huyu alikuwa wa kwao, anajua ngozi ni nini. Kwa hiyo kinasa sauti kilipojaa, alifuta nyimbo zilizokwisha kupanda mtandaoni akarekodi mpya. Na kompyuta ya duka ilipoungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, aliitukana nguzo iliyo mbele ya duka, akanunua nyingine, wala hakuhofu. Ng'ombe walikuwa kwa Boniventura.

Mwaka uliofuata mama yake, Ng'washi, alifariki. Msiba ulipokwisha, Maganga alitunga wimbo mmoja zaidi, wa kwanza katika maisha yake usiomtukana mtu yeyote. Ulikuwa wa Ng'washi. Scola aliurekodi mwezi wa Juni, baba akiwa ameshika fimbo ya marehemu, na akaupandisha kwenye tovuti, kisha, kama alivyozoea, akakifuta kinasa sauti chote bila kubakiza nakala kompyutani. Haukupita muda, kiharusi kikamwangusha mzee, kikachukua mkono wa kulia na ulimi.

Scola alimhamishia kwake Bariadi. Jioni, akishafunga duka, aliifungua tovuti kwenye simu, akaiweka karibu na sikio la baba yake, na Maganga akajisikiliza. Mguu ulicheza. Ukifika wimbo wa Ng'washi, mguu ulitulia, naye alifumba macho mpaka uishe. Daktari alishasema maneno huenda yasirudi. Ukiacha kanda na sidii za magulioni zilizokwisha kuchakaa, sauti ya Maganga ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile tovuti.

Ndipo jioni moja tovuti ikafunguka nyeupe, na katikati pameandikwa: Ukurasa huu unatengenezwa. Karibu tena.

Alimpigia Boniventura. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa, huku mzee akimnyooshea kidole simu kila jioni na yeye akidanganya kwamba mtandao unasumbua. Boniventura alipopokea hatimaye, alikuwa na chakula mdomoni.

"Ng'wana Maganga! Mwadila."

"Nyimbo za baba ziko wapi?"

Hakuitika salamu, na kwa watu wao kutoitika salamu ni sawa na kofi.

"Aa, mayu, seva ilikufa. Tumenunua nyingine. Wateja karibu wote wameleta nakala zao nimeshawahamisha, ila nyie wachache..."

"Wachache gani?"

"Wale mliotegemea bekapu yangu, nayo ilikufa. Diski iliharibika. Imetokea tu, hata mimi imeniuma. Na ukiangalia masharti yetu, mteja anatakiwa kutunza nakala yake mwenyewe."

"Uliniambia nilale usingizi."

"Nilisema kwa nia njema, mayu."

Scola alikata simu kabla haijampasukia mkononi. Nia njema! Mtu anakunywa maziwa miaka yote, siku ya siku anakuletea masharti. Na hapo hapo uone alivyosema imetokea, kama vile mvua, kama vile hakuna mtu mwenye mikono aliyehusika.

Aliingia chumbani akamwambia baba yake ukweli. Kwa mkono wa kushoto, ule mzima, Maganga akaifinya ngozi ya mgongo wa mkono wake wa kulia, akaivuta juu, akaishikilia hivyo bila kuondoa macho usoni mwa binti yake. Scola hakuhitaji mkalimani. Mzee alikuwa anadai ngozi.

Asubuhi alifunga duka, akamwachia jirani mzee na uji wake, akapanda basi la Mwanza. Walipopita maeneo ya Kalemela, kwao Boniventura, alisonya kwa nguvu mpaka abiria wa mbele akageuka. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena, yote makali.

Ofisi ilikuwa na kiyoyozi na bango lililosema usalama wa data yako ni fahari yetu. Boniventura, aliyenenepa tangu walipoonana mara ya mwisho, alisimama na tabasamu.

"Karibu kiti, mayu. Umetoka mbali."

"Sikuja kukaa. Nimefuata ngozi."

"Ngozi gani tena?"

"Wewe ni mtoto wa Kalemela au wa Ulaya? Ng'ombe niliokuachia umeniambia wamekufa. Mimi sijaona ngozi, na baba yangu hajaona ngozi. Naomba ngozi niondoke."

Boniventura alicheka, akamwangalia mteja mwingine aliyekuwa akisubiri ili wacheke wote. Mteja huyo, mama mmoja mwenye kitenge cha njano, hakucheka. "Anasema kweli," alisema. "Ng'ombe akifa ana ngozi." Kicheko cha Boniventura kikaishia njiani. Alivuta mtoto wa meza, akapekua, akatoa diski moja ya nje, ile nyeusi ya kuchomeka kwa waya, akaiweka mezani.

"Hii hapa. Ndiyo ilikuwa na bekapu. Imekufa. Chukua ukamwoneshe mzee."

Scola aliinyanyua. Hakuwa fundi wa diski, lakini vumbi alilijua; mwenye stesheneri hupigana nalo kila siku. Diski nzima ilikuwa imefunikwa vumbi, na alama za vidole zilizokuwepo ni zile tu Boniventura alizoziacha sasa hivi.

"Ulijuaje kwamba imekufa?"

"Si nimekwambia, seva ilikufa..."

"Seva nimeisikia. Hii. Ulijuaje?"

Boniventura akatazama kiyoyozi.

"Chomeka," Scola alisema.

Akachomeka. Taa ndogo ya bluu ikawaka. Kwenye kompyuta likafunguka dirisha, na ndani yake majalada yamejipanga kwa miezi, safi kabisa, kila moja na majina ya wateja. Diski haikuwa imekufa. Haikuwa hata imeumwa. Ilijaa mwezi wa Machi, Boniventura akaichomoa akaitupa kwenye mtoto wa meza akingoja kununua nyingine, na hakununua, na tangu hapo hakuna aliyechukua nakala yoyote ya chochote. Seva ilipokufa, hakukumbuka kuangalia ndani ya meza yake mwenyewe. Aliona ni rahisi zaidi kusema wamekufa.

Hasira iliyompanda Scola pale ilikuwa mpya hata kwake. Mwizi angemwelewa, mwizi anataka kitu. Huyu hakutaka chochote. Mzee asiye na ulimi alikaa jioni baada ya jioni akinyooshea kidole simu iliyonyamaza, kwa sababu mtu mwenye kiyoyozi hakutaka kunyoosha mkono hadi kwenye meza yake.

"Boniventura," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo watu wa Bariadi wangelikimbia, "umetangaza msiba wa ng'ombe anayekula majani."

"Mayu, nisamehe. Niachie, nitalishughulikia, kesho kutwa..."

"Sasa naomba kile kiti."

Alikivuta hadi ubavuni mwa Boniventura, mbele ya kioo cha kompyuta, akakaa. Boniventura akaelewa kwamba hakuna kesho kutwa. Alilifungua jalada la Machi, akalipata furushi la tovuti ya Maganga, akalituma kwenye seva mpya na kulifungua huko. Ilichukua muda, mama mwenye kitenge cha njano hakuondoka wala hakudai zamu yake. Hatimaye ukurasa ukarudi, na picha ya Maganga akiwa na manyoya kichwani, na majina ya nyimbo chini yake. Boniventura akabonyeza wimbo wa kwanza. Kimya.

"Unaona? Zimeharibika," alisema haraka.

"Umeangalia, au unasema tu?"

Aliangalia. Nyimbo zilikuwepo, ila tovuti ilikuwa inazitafuta kwa anwani ya seva ya zamani. Akasahihisha anwani, akabonyeza tena, na sauti ya Maganga ikajaa ofisi yote, ikimwuliza mnunuzi wa pamba kama mizani yake imekula tangu jana. Mama mwenye kitenge akaangua kicheko na kupiga kofi paja lake. Boniventura naye akacheka, akimtupia Scola jicho la kuomba radhi. Scola hakucheka. Alitoa mkobani flashi alizokuja nazo kutoka dukani kwake, akazipanga mezani.

"Zote, kwenye kila moja. Na nitasikiliza."

Alisikiliza mwanzo wa kila wimbo. Alipofika mwisho wa orodha, wimbo wa Ng'washi haukuwepo. Nakala ilikuwa ya Machi, wimbo ulikuwa wa Juni.

"Huo ulikuwa kwenye seva yenyewe," Boniventura alisema.

"Nioneshe."

Safari hii hakubishana. Alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na diski nzito ya seva, akaiunganisha. Hakuna taa. Ndani yake kitu kikagonga, kikagonga, kikanyamaza. Akaihamishia kwenye kompyuta nyingine, akabadilisha waya, akajaribu tena, na jasho lilimtoka ndani ya kiyoyozi. Scola aliona kwamba sasa mtu huyu anatafuta kweli, na aliumia zaidi kuona kwamba kumbe anaweza.

"Huyu amekufa, Ng'wana Maganga," alisema hatimaye. "Huyu kweli amekufa."

Scola aliichukua diski, akaifunga kwenye khanga. Boniventura alimfuata hadi mlangoni akisema mwaka ujao hatamtoza ada, wala mwaka wa pili.

"Nyimbo sizirudishi kwako," Scola alimjibu. "Maziwa umeshakunywa."

Nyumbani alimweleza baba yake kwamba ng'ombe wote wamerudi isipokuwa mmoja, akamtajia ni wimbo upi. Maganga akaifinya tena ngozi ya mkono wake. Scola akaifungua khanga, akamwekea diski kwenye kiganja cha kushoto. Mzee aliipima uzito, akapitisha kidole gumba kwenye kingo zake, akaileta puani akainusa. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akaiweka kando ya kitanda. Imeisha. Ngozi ikishaletwa, mwenye ng'ombe hana neno tena. Ndivyo walivyofanya baba zake. Akanyoosha kidevu kuelekea simu, aletewe zilizobaki, na mguu ukaanza kucheza.

Scola alingoja akasirike. Alitaka amkasirikie Boniventura, au amkasirikie yeye, maana nyimbo zile baba hakumpa Boniventura, alimpa binti yake. Mzee hakukasirika. Scola alitoka akaenda nyuma ya nyumba, akalia kwa hasira na uso wake ukutani. Baba yake alikuwa amekubali. Yeye hakukubali, na hajakubali hadi leo. Ngozi haiimbi.

Flashi alizigawa. Moja kwa baba yake mdogo, Luhaga, kule Shishiyu, moja kwa shangazi yake Lamadi, na moja akabaki nayo. Kila mmoja alimnunulia na redio ya kuchomeka flashi. Adabu ilitaka aishie hapo, akae kwake angoje habari. Mwezi uliofuata alikuwa uani kwa Luhaga.

"Mwangaluka, baba mdogo."

"Mwangaluka. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kusikia nyimbo. Washa."

Luhaga alimtazama kama asiyesikia vizuri, na aliposikia, uso ukambadilika.

"Unanikagua? Mimi, mdogo wake baba yako? Unakuja katika mji wangu kuniita mwizi?"

"Nakukagua, ndiyo. Na mwezi ujao nitakuja tena. Wewe kasirika tu, baba. Mimi nilishakasirika zamani."

Luhaga alisonya, akaingia ndani, akatoka na redio na kuipuliza vumbi. Alisogeza kigoda kwa mguu, Scola hakukaa. Sauti ya Maganga ikatoka, nzito, yenye mkwaruzo wake, na Luhaga aliendelea kununa mpaka wimbo wa pili, pale kaka yake anapowaimba wakwe wachoyo, ndipo bega likaanza kumcheza. Scola alisimama pale pale akasikiliza wimbo baada ya wimbo hadi mwisho. Baada ya wa mwisho, kabla redio haijarudi mwanzo, pana kimya kifupi, mahali ambapo wimbo wa mama yake ungekuwepo. Alikingoja kimya hicho kipite chote, ndipo akaaga.